Zamu ya Kaltun

Kaltun alikuwa na wivu, tena wivu wa kuwasha. Mumewe Shuaib, mchuuzi wa ngamia hapo Garissa, angezidiwa na moyo nyumbani kwake yeye, mke mkubwa, asingelalamika. Lakini kuzidiwa kwa Nasteho, mke mwenzake! Sasa kale kamke kadogo kamekalia kiti kando ya kitanda cha kliniki, kanampangusa jasho utadhani kamezaliwa naye.

Zamu ya Kaltun ilianza magharibi ya siku hiyo. Shuaib alikuwa mtu wa haki. Akigawa usiku baina ya wake zake, hapindishi. Tatizo lilikuwa chupa iliyoning'inia juu ya kitanda. Ikiisha mapema, angeruhusiwa kwenda nyumbani, na nyumbani usiku huo ni kwa Kaltun. Isipoisha, angelala palepale, na kile kiti kimeshapata mwenyewe.

"Sista, hiyo maji iko na nini?" akamuuliza muuguzi Zilpah.

"Si maji tu, mama. Ni sukari iliyounganishwa na fosfeti. Moyo ukikosa damu ya kutosha unaishiwa nguvu. Daktari anatumaini hii itausaidia kujitengenezea nguvu, usukume damu vizuri. Lakini lazima iingie polepole."

Sukari! Miaka yote Kaltun amemnywesha Shuaib chai ya maziwa yenye sukari ya kusimamisha kijiko, na hajawahi kudhurika. Nasteho alipotoka kwenda kutawadha, Kaltun akainua mkono akazungusha kigurudumu cha mrija. Matone yakaanza kufukuzana.

Hata hajakaa sawa, Shuaib akapiga ukelele. Mkono unawaka moto, midomo inamchonyota, moyo unamwenda mbio. Zilpah akaja kasi, akaufunga mrija.

"Nani amegusa hii?"

Nasteho, aliyerudi uso umelowa, akamtazama mke mwenzake, kisha akatazama chini.

Adhana ya magharibi ikasikika. Nasteho akasimama, akakiachia kiti.

"Kaa, abaayo, dada yangu. Ni zamu yako."

Hakusema kwa kejeli, na hilo ndilo lililomkera Kaltun zaidi. Akakaa. Akaushika mkono wa mumewe, ule usio na sindano.

Shuaib akauchomoa taratibu. Alikuwa macho muda wote.

"Nasteho," akasema, "haki yake nitamlipa nikipona. Leo usiniache naye."