Pedi Zilizoelekea Machweo

Jumamosi saa nne asubuhi, kwenye uwanja wa parokia huku Ulyankulu, kina mama wa kikundi cha ushonaji walimaliza kuanika pedi za kufua mia mbili arobaini na nane. Flaneli isipofuliwa kabla ya kushonwa hunywea, nao walikuwa wameshona kwanza wakakumbuka baadaye, kwa hiyo walizifua zote ili itakayoharibika iharibikie mikononi mwao. Kitenge nje, flaneli ndani, kipande cha mwavuli katikati, na mabawa mawili yenye vifungo vya kubana. Kila pedi ilishonwa jina la mwenyewe kwa uzi mwekundu, kufuata orodha ya Mwalimu Egidi wa darasa la saba na la sita, maana wasichana wakichanganyiwa vitu hivi hawasemi, wanaacha tu kuvitumia.

Ubishi ulikuwa kwenye kamba. Wenye umri mkubwa walisema nguo za namna hiyo huanikwa chini ya kanga, mtu asizione. Katarina, mwenyekiti, mwanamke asiyejua kunong'ona, alisema kisichoota jua huota ukungu, na mwanamume atakayeona haya atazame pembeni, shingo anayo. Zikaanikwa peupe. Padri alipita, akawasalimia akitazama mbingu, akaenda zake.

Saa tano upepo ulikatika kabisa, na pedi zikaanza kuelekea. Ziliinuka kwenye kamba mojamoja, zikanyooka upande wa shule, pale wasichana walipokuwa wanafanya masomo ya ziada. Kina mama walitazama, wakakubaliana kwamba hilo ni jambo jema, pedi inamjua mwenyewe, kazi ya kugawa itakuwa nyepesi. Mmoja alipiga kigelegele, wakadakia wote.

Pedi za wasichana kumi na mmoja zilinyooka kwingine. Nyingine zilielekea mabonde ya mpunga, nyingine barabara ya Urambo, na nne zenye jina la Julieth zilielekea machweo moja kwa moja.

Hizo nne alizishona Jeska Nibitanga mwenyewe, mama yake Julieth. Mtoto alikuwa na miaka kumi na minne. Tangu Pasaka alikuwa Bukene kwa shangazi yake, ambako kuna shule nzuri na treni inasimama. Hivyo ndivyo alivyosema baba yake, Anakleti, aliyempeleka. Jina lilibaki kwenye orodha kwa sababu karatasi za uhamisho hazikuwahi kufika. Simu ya shangazi haikuwahi kupatikana pia. Na Bukene iko upande wa mawio.

Jeska alipeleka pedi moja nyumbani, akamwonyesha Anakleti inavyonyooka.

"Upepo huo," alisema Anakleti.

"Hakuna upepo."

"Basi mmekosea kushona."

Jeska hajawahi kukosea mshono. Alitoka na furaha imempanda mpaka miguu inamcheza, kwa kuwa leo angemwona mwanawe, popote alipo. Kina mama waligawana zile seti kumi na moja, kila mmoja akachukua yake na kufuata inakoelekea, wakitaniana nani atafika mbali zaidi. Jeska alifunga pedi moja kwenye usukani wa baiskeli, mabawa yakabana vizuri, kana kwamba yalipimwa kwa kazi hiyo. Katarina akapanda nyuma, mzito na mwenye nyimbo, wakashika njia ya zamani ya misafara, ile waliyopita wapagazi na pembe zao kwenda Ujiji. Kila penye njia panda pedi iligeuka, nao wakageuka. Watu mashambani waliuliza wanakwenda wapi, Katarina akajibu kwamba bado hawajaambiwa. Jeska alikanyaga pedali akicheka, jambo ambalo hakulifanya tangu Pasaka.

Saa tisa pedi ilianguka ikatulia. Walikuwa upande wa Kaliua, mbele ya bani, banda la kukaushia tumbaku. Julieth alikuwa ameketi chini akitunga majani kwenye fito, mikono myeusi kwa utomvu. Aliinuka, akamrukia mama yake wakaanguka wote wawili, na Katarina akapiga vigelegele vilivyowatoa kuku wote uani. Julieth alisoma jina lake kwenye kila pedi, mara nne, kwa sauti. Alisema alikuwa anatumia sponji la godoro.

Mwenye bani, Gerson, alitoka na viti. Alikuwa rika la Jeska, lakini alimwamkia shikamoo, kama mkwe anavyopaswa. Alieleza kwa upole kwamba yeye ametimiza yote, ng'ombe wawili na bati, na vyote vilifika kwa wakati. Jeska alizijua bati hizo. Alilala chini yake masika nzima, akimshukuru Mungu kwamba hazivuji.

Mtendaji wa kijiji aliitwa, akaja. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema ni kosa kubwa. Kisha akasema pilau ya siku ya harusi ilikuwa nzuri, na akaomba jina lake lisiandikwe popote.

Jeska alimshika binti yake mkono waondoke. Gerson hakuwazuia. Julieth ndiye aliyebaki amesimama.

"Nimeshatoroka mara mbili, mama. Mara zote baba alinikuta njiani akanirudisha."

Jeska akaketi. Pedi zilikuwa mapajani mwa Julieth, zimelala bila kuelekea popote.

"Mtihani wa darasa la saba ni lini?" aliuliza Julieth.

"Jumatano hii."

"Mwambie mwalimu naumwa. Asinifute."

Jumatatu asubuhi Jeska alikwenda shuleni, akasema alivyoagizwa. Mwalimu Egidi alimpa pole, akafungua daftari la mahudhurio, akaandika *mgonjwa* kwa mwandiko wake mzuri, chini ya wagonjwa wengine kumi.