Bunduki Iliyolala Alfajiri

Toka nistaafu karakana ya reli hakuna chuma kilichonishinda, isipokuwa meno yangu ya bandia. Basi Ngollo, mtani wangu Msukuma, akanijia kutoka Igunga, mwendo wa saa kadhaa kwa basi, na bunduki aliyoundiwa kwa kipimo cha bega lake. Fisi alikuwa anamaliza ndama wake, na kila alfajiri bunduki ililia "ka!" tu, risasi haitoki.

"Juzi fisi kakaa chini, ananisubiri nijaribu tena!"

"Nyie Wasukuma hata fisi mnamchosha," nikamtania.

Nikatazama risasi zilizogoma. Pini inayogonga risasi ilikuwa imezidonoa nyuma kidogo tu, kama kuku aliyeshiba.

"Mchana je?"

"Mchana inafyatuka vizuri."

Nikafungua komeo linalobeba pini, nikanusa. Samli!

"Ya mama," akasema. "Inalainisha kila kitu. Hata mlango wetu tukiupaka haukwaruzi."

"Mlango hauui fisi, mtani. Baridi inagandisha samli, pini inatembea kama bibi harusi."

Nikaosha kwa mafuta ya taa, nikakausha kabisa, nikarudishia.

Alfajiri iliyofuata Ngollo akapiga simu akipiga vigelegele: "Moja tu, fisi kalala!"

Mlio wenyewe nilishausikia hapa mtaani kwangu Ng'ambo, mbali kote huku, wallahi. Kikombe changu cha kahawa kilihama meza.