Kuku Watatu na Injini ya Damascène

"Sema tena!" Damascène alichomoa kichwa kutoka chini ya boneti, mswaki mweusi kwa grisi mkononi. "Sema tena, mama Inès, na hawa wasikie vizuri!"

"Kwani nanong'ona?" Libérate, mama yake Inès, jirani wa ukuta kwa ukuta, aliinua juu kuku watatu waliokufa, kawashika miguu kama anayewapeleka sokoni. "Umewapa sumu kuku wangu. Wewe na hilo jeneza lako la magurudumu!"

Ua ukajaa. Katika kambi hii ya wakimbizi ya Nakivale, ukipiga chafya, mtu wa nyumba ya tatu anakuombea. Ukitaja sumu, hata mgonjwa anaacha mkeka. Maana kwa Warundi kama hawa sumu si neno la kutupiana ovyo. Ukishaitwa mtu wa sumu, hakuna anayekunywa kwako, hakuna anayekuachia mtoto, na, hili ndilo lililomchoma Damascène mpaka kwenye ini, hakuna atakayepanda gari lako.

Na gari lilikuwa limebaki kidogo tu! Corona ya zamani, iliyokaa miaka saba nyuma ya duka la Mahmood kule Mbarara mpaka majani yakaota kwenye viti. Damascène aliikokota hadi hapa, akanyoosha mabati, akashona viti, na sasa alikuwa anasafisha injini ili mafuta yakivuja aone yanatokea wapi. Jumapili akina mama wa kwaya ndio wangekuwa abiria wake wa kwanza, kwenda hospitali ya Ruharo kumwona mwenzao aliyelazwa. Na kiongozi wa kwaya ni nani? Libérate huyu huyu.

"Tangu asubuhi anasugua na mafuta ya taa, na sabuni, na vitu mingi sijui nini," Libérate aliwaambia watu. "Kuku wamekuja huku wazima, wamerudi wanayumba kama walevi wa harusi."

"Maji yote nimeyakinga kwenye beseni! Kuna tone chini?"

"Basi umewalisha kwa mkono."

Kwa mkono! Jamani, mtu ametoa betri, amefunga nyaya zote kwa kavera za plastiki, anamimina maji kwa kikombe kama padri anayebatiza ili yasiingie pasipotakiwa, halafu apate nafasi ya kuwinda kuku? Afadhali angeitwa mwizi. Akageuka, akaanza kuusugua kwa hasira upande ule betri ilipokuwa imekaa, mpaka pande la uchafu ulioganda likabanduka.

Nyuma yake kulikuwa na kiota cha panya: nyuzi za gunia, manyoya, na punje za mahindi. Mahindi ya pinki.

Kila mkulima pale aliijua rangi hiyo: mbegu ya dukani, iliyopakwa dawa ya wadudu, ambayo hata mwenye njaa haigusi. Na chini ya bampa, pale Damascène alipofagia nusu ya kiota asubuhi bila kutazama, zilibaki punje mbili na unyoya mmoja wa kuku.

"Nani hapa amenunua mbegu ya pinki?" aliuliza polepole.

Ancilla, mkewe, akajibu kutoka jikoni: "Si yule mwenye kuku aliyelia wiki nzima kwamba ameibiwa mbegu? Mpaka akamwita Yonatani wa watu mwizi!"

Watu wakaangua kicheko. Libérate alitazama kuku wake.

"Lakini wewe ndiye umefagia, baba Régis."

"Nimefagia," Damascène akajibu. " Nilipaswa kuangalia, nakubali. Ila panya wametoka na mbegu kwako, kuku ni wako! Changu hapa ni jina, nawe umelipaka masizi. Kufagia na kuua kwa makusudi ni kitu kimoja?"

"Hapana."

"Kwa sauti ile ya kwanza!"

"Hapana! Nisamehe."

Watu walitazamana. Neno la sumu halifutwi kwa neno. Linafutwa kwa tonge. Ancilla alilijua hilo, maana alikwisha kutenga bugali na maharage. Kwa desturi mwenye nyumba huonja kwanza. Damascène akanawa grisi, akamega, akatafuna mbele ya wote, akameza, akapanua mdomo kama mtoto anayekaguliwa meno.

"Mmeona?" Bado sauti yake ilikuwa na moto. "Haya, mama Inès. Weka hao kuku chini, tutawazika. Nawa mikono, uingie ule. Mlango nauacha wazi, kwaya nzima ione."