Mtihani wa Pili wa Divine

Matokeo ya chuo yalitoka Alhamisi, katikati ya Julai, wiki ya tatu tangu Sydney ifungwe kwa sababu ya korona. Binti yangu Divine alipata arobaini na tatu katika kemia ya kaboni. Alama ya kupita ni hamsini. Chuo kilimpa nafasi moja ya kurudia mtihani, siku kumi na mbili baadaye, ndani ya hiyohiyo likizo ya baridi. Akianguka tena, njia ya udaktari imefungwa, atafute kozi nyingine. Mambo ndiyo hayo, sina haja ya kuyazungusha.

Kesho yake nilitoka kutembea na Mama Kiptoo. Siku zile tuliruhusiwa kufanya mazoezi nje watu wawili tu, nasi tulikuwa tunakutana kila Ijumaa karibu na stesheni ya Auburn, barakoa kidevuni. Jina lake Jerotich, Mkenya, nesi wa hospitali, na mwanawe Kiptoo yuko darasa moja na Divine. Mimi ni Léonie, Mkongomani wa Uvira, nahudumia wazee katika nyumba ya wazee. Kiswahili ndicho kilichotukutanisha, na masomo ya watoto yakatuunganisha. Tuliyalalamikia masomo hayo kama wanawake wengine wanavyolalamikia waume.

"Kiptoo amepata hamsini na moja," akasema. "Aki nilipiga magoti hapo jikoni! Na shule ya msingi alikuwa anabeba zawadi zote. Hizi kemia na fizikia zinatumalizia watoto. Divine je?"

"Amepata vizuri," nikasema.

Akasimama. "Mama Divine."

"Nini?"

"Kiptoo ameniambia. Mficha maradhi kilio humuumbua, dada yangu."

Loo, nilivyowaka! Nilimwambia mwanawe ana mdomo wa kasuku, aende akasome badala ya kuhesabu alama za wenzake. Jerotich akaningoja nimalize. Anazijua hasira zangu, huja kwa kishindo na kuondoka bila kuaga.

"Umemaliza?" akauliza. "Haya. Huyo msichana anasoma?"

"Anashinda chumbani, mlango umefungwa."

"Kiptoo anasema wakisoma pamoja kwa kompyuta, kila dakika kumi Divine anaenda kuongea na simu. Sauti ya chini. Kwa Kiswahili."

Kwa Kiswahili! Divine, ambaye ukimsalimu kwa Kiswahili anakujibu kwa Kiingereza! Nikajua hapa kuna mwanaume, tena si kijana wa huku, ni jitu zima lililotoka kwetu. Matembezi sikuyamaliza. Nilirudi nyumbani mbio, nikapanda ngazi na viatu vyangu, nikafungua mlango bila hodi.

Divine alikuwa kitandani, simu sikioni, kitabu cha kemia magotini. "Hapana, Papa," alikuwa akisema, Kiswahili chake kikichechemea, "ile nyeupe asubuhi, ile nyekundu jioni. Usikunywe zote pamoja."

Nikampokonya simu. "Wewe ni nani?" nikafoka.

"Ni miye, Mama Dokta," ikajibu sauti ya mzee Callixte wa kanisani kwetu, mwenye miaka sabini na minne. "Iko shida?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Maana aliyefanya haya yote ni mimi. Mwaka uliotangulia, Divine alipopata nafasi chuoni, nilimsimamisha mbele ya kanisa siku ya shukrani. Kwetu mtoto akipata cheo, mzazi naye amekipata, na kanisa zima linahesabu fungu lake. Nikasema: "Kuanzia leo huyu ndiye dokta wenu, na namba yake ni hii." Alikuwa hajasoma hata siku moja! Vigelegele vikapigwa, nami nikaitwa Mama Dokta. Sitawadanganya, jina hilo nililipenda mno. Halafu korona ikaja, kanisa likafungwa, na wazee wasiojua Kiingereza wakabaki peke yao na barua za hospitali, vidonge na maswali ya chanjo. Wakampigia dokta wao.

"Wanapiga wangapi?" nikamuuliza Divine.

"Kumi na tisa," akajibu kwa Kiingereza chake. "Dawa siwapi, Mama. Nawasomea kilichoandikwa, au nampigia mfamasia nimuulize."

"Na kwa nini hukuniambia? Kwa nini hukukataa?"

"Ulinikabidhi kwao mbele ya kila mtu. Ningekataaje?"

Siku mbili nilizunguka kazini na swali hilo, naogesha wazee wa watu huku nalia ndani ya barakoa. Nilijua la kufanya, na nililiogopa.

Jumapili tulisali kwa Zoom kama kawaida. Ulipofika wakati wa ushuhuda, Pasta Adrien akasema, "Mama Dokta ananyoosha mkono. Karibu, Mama."

"Divine si dokta," nikasema. "Ni mwanafunzi. Amefeli kemia, na amebakiza siku tisa za kusoma ili arudie. Namba yake niliwapa mimi, kosa ni langu. Kuanzia leo simu zote zije kwangu. Na hilo jina la Mama Dokta, naomba mniondolee."

Nyuso zote kwenye vile vidirisha zikanitazama. Mama Chibalonza, ambaye tumeshindana kwa watoto tangu kambi ya wakimbizi, akazima kamera yake. Najua alikuwa anacheka.

Nilipogeuka, Divine alikuwa mlangoni.

"Umewaambia nimefeli," akasema.

"Ndiyo."

"Wote?"

"Wote, mwanangu."

Akarudi chumbani akalia, na siku hiyo hakula chakula changu. Iliniuma. Lakini simu yake ilinyamaza, na yangu ikaanza.

Jumatatu asubuhi nikakuta daftari mezani. Alikuwa ameandika watu wote kumi na tisa, dawa zao, saa zao, na namba ya mfamasia. Chini ya kila jina aliniachia maneno kwa Kiswahili, yeye asiyenijibu kwa Kiswahili. *Papa Callixte anaona haya kuuliza. Muulize wewe kwanza. Mama Verdiane atasema amekunywa dawa, lakini hajakunywa.* Na kwa mpinzani wangu: *Mama Chibalonza hajui kusoma. Asijue kama unajua.*

Nilikaa chini. Miaka kumi na miwili nimemjua mama yule, nimemringia, amenitambia, na hilo sikuwahi kulijua. Mtoto wangu alilijua na akalifunga moyoni.

Siku tisa nilipokea simu. Sikuwa na Kiingereza cha kutosha, wala subira. Mara mbili nilimfokea Papa Callixte, mara mbili nikampigia tena kumwomba msamaha. Nilipokwama nilimpigia Jerotich, naye alinielekeza baada ya kunicheka vya kutosha. Kiptoo naye alimfundisha Divine kila mchana kwa kompyuta, na hapo nilifuta yale maneno ya kasuku. Mama Chibalonza alipopiga, nilimwambia, "Mama yangu, yale maandishi madogo ya dawa hata mimi hunishinda. Nielezee hizo pakiti zina rangi gani." Tukaenda hivyohivyo, polepole.

Divine alifanya mtihani Jumanne, hapohapo chumbani, mbele ya kamera. Mimi nilikaa uani na koti, simu mkononi, mtu asije akamsumbua. Nilimwuliza umeonaje, akasema ilikuwa ngumu. Zaidi ya hapo sikuuliza.

Wiki mbili baadaye akapata hamsini na nane.

Jumapili iliyofuata Pasta Adrien akauliza nani ana ushuhuda. Ile hamsini na nane ilinijaa mdomoni, ikanichoma! Lakini nilikuwa nimejiapiza: mambo ya mtoto huyu sitayatangaza tena. Nikaacha kipaza sauti kimezimwa, nikakunja mikono, nikatazama meza. Ndipo Divine, aliyekuwa amekaa kando yangu, akanyoosha kidole na kukiwasha yeye mwenyewe.

"Sema, Mama," akaniambia kwa Kiswahili.

Na mimi, ambaye tangu nizaliwe sijawahi kukosa la kusema, nilifunua mdomo mbele ya kanisa zima, nikalia tu.