Pipa la Nepi

Tangu kulipokucha Bi Sabuni hakukalika. Anaketi, anainuka. Anachungulia barabarani kama binti yake anarudi na mtoto kutoka zahanati, haoni mtu, anarudi uani, anaishika koki, anaguna, anaketi tena. Mjukuu wake, ndiyo kwanza anajifunza kusimama, ameharisha tangu jana mpaka macho yameingia ndani. Wala si yeye peke yake. Ua mzima, vyumba vyote vinavyotumia bomba lile moja, matumbo yanasokota.

Na Bi Sabuni, ambaye jina hilo hakupewa bure maana anafagia mpaka kuku wanaogopa kukatiza, alishamjua mkosaji. Ni dereva wa gari la kunyonya vyoo, mpangaji wa chumba cha mwisho. Gari lenyewe analiegesha pale pale ukutani, na ule mpira wake mnene unaning'inia ubavuni, unadondosha mambo yasiyotajika.

"Bomba letu limepita chini pale," alimwambia kila mwenye masikio. "Mnategemea tunywe nini?"

"Mama, mpira nauosha kulekule ninakomwaga," dereva alijitetea. "Na mwanangu pia anaumwa. Kweli nimlishe uchafu mwanangu mwenyewe?"

"Umemzoesha harufu, sasa unashangaa tumbo!"

Basi leo mwenye nyumba anakuja. Bi Sabuni ndiye aliyempigia simu, ndiye aliyewakusanya wapangaji, na ndiye atakayesema. Likizama jua, dereva awe ameshafunga virago na mkewe na mwanawe.

Mtaani kwao maji yanakuja yanapojisikia na kukatika yanapojisikia, kwa hiyo watu wanaacha koki wazi wasije wakapitwa. Bi Sabuni alikuwa na ujanja wake. Alifunga mpira kwenye koki, akauzamisha mpaka chini ya pipa analolowekea nepi za mjukuu. Maji yakija, nepi zinajisuuza zenyewe. "Nyie endeleeni kuvunjika viuno," aliwatambia wenzake.

Kitu kimoja tu kilimuudhi. Aliacha pipa limejaa, akirudi analikuta nusu. "Ua huu una wezi hadi wa maji ya nepi!" alifoka, na wapangaji wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mmoja akasema labda ni paka mwenye kiu.

Mchana ule maji yalikuja. Mbio mbio akakinga jagi la mjukuu kabla ya yeyote, kama kawaida yake, kwa sababu foleni ya bomba haikuwahi kumkuta nyuma. Hakuyachemsha. Maji ya bomba si yameshatiwa dawa? Kisha akarudishia mpira, pipa likafurika, na ndipo mwenye nyumba akaingia akipangusa jasho. Wapangaji wakatoka vyumbani. Dereva alisimama pembeni, mwanawe amemlalia begani kama nguo iliyoloa.

Koki ikakohoa. Maji yakakatika.

Bi Sabuni alikuwa amesimama karibu na pipa, anapanga maneno yake, aliposikia likigugumia. Akatazama. Povu lilikuwa linazunguka, linashuka. Nepi moja ikavutwa, ikaganda kwenye mdomo wa mpira. Akatia mkono, akaitoa, na mpira ukamnyonya kiganja.

Loo! Maji ya nepi yalikuwa yanarudi bombani. Yanapanda mpira, yanapita kwenye koki, yanaingia kulekule wanakonywa wote, yanakaa humo yakingoja. Na maji yakirudi, nani wa kwanza kukinga?

"Haya mama, umeniita," mwenye nyumba alisema. "Ongea, nina safari nyingine."

Bi Sabuni aliangaza huku na huku. Hakuna aliyeona. Angeweza kuchomoa mpira huo kimya kimya, matumbo yakapona, na kila mtu akasema, mnaona, mnyonya vyoo kaondoka na maradhi yake. Jina lake lingebaki safi. Akawa anatazama dereva, anatazama pipa, hajui aweke wapi mikono.

"Mama, tunakungoja," dereva mwenyewe alisema, taratibu, kama mtu aliyekwisha kubali.

Lango likalia. Binti yake akaingia na mtoto mgongoni, amechoka lakini anatabasamu.

"Ametulia, mama. Wamesema anywe sana," alisema, na mkono wake ukaenda moja kwa moja kwenye jagi.

"Usimpe!"

Ua mzima ukaruka. Bi Sabuni alilipokonya jagi, akamwaga maji yote chini, yakamrukia miguuni na kwenye viatu vya mwenye nyumba. Alikuwa analia, na hakujifuta.

"Dereva haondoki," alisema. "Sogeeni hapa kwenye pipa, wote. Njooni mumwone aliyewalisha kinyesi. Ni mimi."