Mpaka Aitike

Nasinzia mchana kweupe, kwenye benchi nje ya ofisi ya Profesa Ngalomba, begi lenye kifaa changu likiwa mapajani. Dada Stamili, katibu wake, ameniambia, kaa hapo Mama Tunu, utaitwa, nami nimekaa. Sikuja kulala. Nimekuja kwa sababu Profesa, aliyenifundisha kompyuta nikisomea stashahada, ameacha ubao na sasa anawekeza katika kampuni changa, zile ambazo bado ni wazo na mtu mmoja mkaidi, na mkaidi wa leo ni mimi. Kifaa changu kinakaa ndani ya friji ya chanjo ya zahanati. Friji ikipata joto, kinampigia muuguzi simu. Kinafanya kazi. Ubaya wake, kinapiga na kupiga mpaka friji ipoe, wauguzi wanachoka, wanakizima, na juzi juzi zahanati moja imetupa chanjo zote za watoto. Profesa akinikatalia leo, nafunga, narudi kushona sare za shule. Nawaza hayo, kope zinakuwa nzito, mlango unafunguka, naingia, na ndani hakuna ofisi.

Ndani kuna barabara. Nyeupe, imenyooka, na kando zake kuna mafriji marefu kama nyumba, milango yake ni vioo, mji mzima wa vioo, na nikifika mwisho wa mji unaanza mji uleule, duka lilelile la kona, paka yuleyule juu ya ukuta. Na sauti inaniita. Sikudhani! Jina langu, la kabla sijawa mama wa mtu. Naenda inakotokea. Sikudhani! Nakuja, nasema moyoni, huoni nakuja? Natembea, inaita, nakimbia, inaita, mji unaisha, mji unaanza, paka ananitazama. Pembeni yangu anakimbia muuguzi, gauni jeupe, viatu mkononi, na penye uso hapana uso, ni laini kama yai. Dada, hii barabara inaishia wapi? Haiishi, anasema, hakuna aliyeiambia iishe. Anacheka, sijui kwa mdomo gani. Tegua hiki, mama mwenye stashahada: nakimbilia ninakoitiwa, na bado naitwa. Mimi nani? Sina muda wa vitendawili, namwambia. Basi kimbia, anasema, muda si huo unao.

Nakimbia, na kwenye vioo najiona, lakini si mimi wa leo. Ni yule wa chuoni, Tunu mgongoni bado mchanga, na watu wa usajili wananiambia niende nyumbani nikalee. Kioo kinachofuata, Profesa amempakata Tunu mkono mmoja, mwingine una chaki, unga unamdondokea mtoto kichwani, naye anasema, Mama Tunu kaa mbele, huyu nitamshika mimi, akilia tutajua somo ni gumu. Kioo kingine, tunacheza mashine. Kompyuta hazitutoshi, kwa hiyo Profesa anatugeuza sisi kuwa kompyuta: huyu anatoa amri, yule anatii neno kwa neno. Mimi nasema, songa mbele, na Kihaule, yule mrefu, anasonga mpaka paji la uso linagonga ukuta, na bado anapiga hatua palepale. Darasa linaangua kicheko. Kihaule, mbona husimami? Sijaambiwa, Profesa. Profesa ananigeukia, hafoki. Mama Tunu, umemwambia asimame akiona nini?

Nasimama mbele ya kioo hicho. Sikudhani! Sasa naitambua sauti. Ni ya mama yangu, ya jikoni, ya kunituma chumvi. Haachi kuita mpaka niitike. Si mpaka chumvi ifike. Akisikia nimeitika ananyamaza, anajua inakuja. Nami Tunu namwita vivyo hivyo, kila siku ya Mungu.

Abee! napaza sauti. Abee, mama!

Sauti inanyamaza. Barabara inakatika miguuni pangu. Muuguzi anakaa chini, anavaa viatu, uso unaanza kumjia, macho kwanza, na anasema, afadhali, sasa nitaishughulikia hiyo friji kwa amani.

Mama Tunu! Abee! naitika, na Dada Stamili anashtuka, we mama, utanitoa roho, ingia basi. Naingia. Profesa amesimama dirishani, mwanga uko nyuma yake, amevaa sweta lilelile la kahawia, uso siuoni. Shikamoo Profesa. Marahaba, kaa mbele. Haya, hicho kifaa, umekiambia kisimame kikiona nini? Kikiitikiwa, nasema. Muuguzi abonyeze kitufe, hiyo ndiyo abee yake, kinyamaze. Friji ikikawia kupoa, kiite tena. Mpaka aitike, si mpaka ipoe. Nje ya dirisha, juu ya ukuta, kuna paka. Yuleyule. Sasa sijui niko wapi, na sitaki kukimbia tena. Profesa, nasema, kabla hujanipa jibu, asante kwa kumshika Tunu. Amemaliza kidato cha nne. Kama hapa ni ofisini, umenisikia. Kama bado niko barabarani, nitarudia nikiamka. Profesa!

Naam, anaitika. Nimesikia, Mama Tunu. Kiweke mezani, tuanze kazi.

Nakiweka. Paka ananitazama.