Koti la Fundi Mwenyewe

Asubuhi ile Fundi alimpiga mkewe kwa rula ya mti, ile ndefu ya kuchorea kitambaa, na kipigo chenyewe hakikusikika nje. Fundi hakuwa mtu wa makelele. Alifunga mlango wa chumba cha nyuma, akapiga mgongoni, mapajani, mgongoni tena, kisha akafungua mlango na kuitundika rula kwenye msumari wake. Kosa lilikuwa kola ya mteja: upande mmoja ulizidi mwingine kwa unene wa mstari wa chaki. Akanawa mikono, akavaa futi shingoni, akaenda kumpokea mwenye kola.

"Karibu, kaka, karibu. Simama tu kama unavyosimama kwako."

Pini aliyaona yote akiwa sakafuni mlemle chumbani, anapiga bandi mkono wa koti, zile nyuzi ndefu za muda zinazoshika kitambaa mpaka cherehani ipite juu yake. Pini halikuwa jina lake. Alikuwa mdogo wa mke wa Fundi, aliletwa pale dukani alipomaliza darasa la saba, na kwa kuwa muda wote alikuwa na pini midomoni na hasemi, shemeji yake akambatiza hivyo. Likamkaa. Watu walidhani hasemi kwa sababu hana la kusema. Kimya kingi kina mshindo, ni kweli, lakini nani angengoja mshindo kutoka kwa binti anayeokota vipande vya uzi?

Mteja mwenyewe walimwita Mabega. Zamani alikuwa baunsa kwenye mlango wa ukumbi wa dansi, na huko ndiko alikovunjwa mtulinga, ule mfupa wa chini ya shingo. Bega la kushoto likashuka likabaki hukohuko. Mafundi wengine walimshonea makoti yaliyomfanya aonekane amebeba ndoo. Siku ya kwanza alipofika, Fundi alimtazama mara moja tu, akaweka vidole vyake juu ya bega lile taratibu, kama mtu anayepima homa ya mtoto.

"Limeshuka vidole viwili," alisema. "Bega halidanganyi, kaka. Mdomo utadanganya, bega hapana." Akalijaza pamba kwa ndani, akapunguza pindo la upande ule, na Mabega alipojiona kwenye kioo akaona mtu aliyenyooka. Tangu hapo hakwenda kwa fundi mwingine.

Asubuhi hiyo ya kola, Dada, yule mke wa Fundi, akaja na koti. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umefungwa kitambaa.

"Mama, mkono vipi tena?" Mabega akauliza.

"Cherehani imemng'ata," Fundi alimjibia.

"Hee! Cherehani yenu ina meno!"

"Inawang'ata wasiosikia."

Wakacheka. Dada naye akacheka, kicheko kifupi cha kumaliza mambo. Mabega aliutazama ule mkono kidogo, halafu akarudi kwenye kioo kulitazama bega lake, na akaendelea kulitazama.

Cherehani haikumng'ata mtu. Meza ya cherehani ilikuwa na droo ya kuwekea vibiringo vya uzi. Fundi aliushika mkono wa mkewe, akauingiza ndani ya droo, akaifunga droo kwa goti. Vidole vitatu. Pini alikuwa palepale na chaki mkononi, na hakufanya kitu. Tangu siku ile Dada alishona kwa mkono wa kulia peke yake, kitambaa amekibana kwa goti, kwa kiwiko, mara nyingine kwa meno. Na Fundi alikuwa ameshamwambia, kwa sauti ileile anayosemea "geuka kidogo, kaka": "Ukirudia, na wa kulia unaingia."

"Dada, tuondoke," Pini alimwambia wakiwa wanafua.

"Twende wapi? Kwa mama? Mama atanirudisha kabla sijavua viatu."

"Akiuvunja na huo utashonea nini?"

Dada akafikiri. "Ulimi."

Wakacheka mpaka wakakaa chini, na cheko la Dada likageuka kilio katikati, Pini akamshikia ndoo isimwagike.

Sasa siku ile ya kola, Mabega alipokuwa amesimama mbele ya kioo, alifurahi akaanza hadithi zake.

"Unajua, Fundi, koti zuri ni hatari. Pale mlangoni, mlevi wa fulana alikuwa ananitoa jasho. Anakukaba, anakupiga kichwa. Lakini mlevi mwenye koti? Mteremko! Unamwendea kwa nyuma, unashika kola huku na huku, unaivuta chini mpaka viwikoni. Basi. Amefungwa na nguo aliyojinunulia mwenyewe."

"Na likiwa la kuazima?" Fundi akauliza huku anacheka.

"Pana? Aa, hilo linavuka lote. Wewe unabaki na koti, yeye anabaki na ngumi. Lazima liwe limemkaa. Na vifungo viwe wazi."

"Kumbe ulikuwa unawafunga wateja wangu!"

Pini alitoa pini midomoni moja moja, akazichomeka kwenye kimto chake cha pini, akainama tena.

Haikupita muda Fundi akaanza kujishonea suti. Alitaka bango jipya juu ya mlango, na kwenye bango picha yake mwenyewe, amesimama, ndani ya koti la mkono wake. Kitambaa alikichagua cha sufu, cheusi kama sufuria ya shughuli, na kukata alikata yeye. Lakini mganga hajigangi. Ukiinua futi mwenyewe bega linapanda, ukitazama kiuno chako mgongo unapinda. Kwa mafundi wenzake asingekwenda, wangekicheka kitambi chake mwaka mzima. Dada alikuwa na mkono mmoja.

"Njoo, Pini. Leo mwanafunzi anampima mwalimu."

Ilikuwa mara ya kwanza Pini kumshika. Miaka yote ile alikuwa ameuona mgongo huo kama ubao wa mlango. Kumbe ulikuwa wa moto, unapumua, una jasho katikati. Mgongo wa mtu tu.

"Kwapa lipande juu," Fundi aliamuru. "Mikono iwe myembamba. Sitaki upepo humo ndani. Likae kama ganda kwenye ndizi."

"Shemeji, utaweza kumkumbatia mtu?"

"Kwenye bango nimkumbatie nani?" Pini alipombana pini mgongoni akashtuka. "Taratibu! Kikulacho ki nguoni mwako, eh?"

Pini akafanya kama alivyoambiwa, na hili watu wasije wakamsingizia. Hakumwibia hata uzi. Mkono wa kushoto aliutia na kuutoa, akautia tena, mpaka ukaning'inia bila mkunjo, ndipo akaupitisha cherehani. Duka lile halikuwa limewahi kutoa koti lililomkaa mtu namna ile. Kama alikuwa na jambo moyoni, jambo lenyewe lilikuwa ni kushona vizuri.

Mchana wa siku ya picha Fundi alisimama mbele ya kioo na koti lake, vifungo wazi, anageuka huku na huku. Mkono wa kulia ulikuwa bado kwenye bandi, Pini alitaka aone unavyoanguka kabla ya kuushona moja kwa moja. Yeye alikuwa nyuma yake, anafuata mshono wa mgongo kwa vidole. Kwenye kona Dada alikuwa anapiga pasi suruali ya suti ile, kwa pasi ya chuma nzito ya duka. Sufu hupigwa pasi juu ya kitambaa kibichi, na kazi hiyo inataka mikono miwili, mmoja ukishika kitambaa na mwingine ukisukuma. Dada alikishika kitambaa kwa kiwiko. Kikateleza.

Wote watatu waliisikia harufu, ile ya nywele zilizoungua.

Fundi hakugeuka. Alimtazama mkewe kwenye kioo. "Imeungua?"

"Inang'aa tu kidogo, bwana. Nitaitia mvuke itatoka."

Fundi alikwenda mlangoni akatia komeo. Akaenda kwenye meza ya cherehani, akavuta droo, akatoa vibiringo vya uzi na kuvipanga mezani vizuri, kisianguke hata kimoja.

"Njoo."

Dada aliisimamisha pasi kwenye kigae chake, akaja. Hilo ndilo lililomuuma Pini kuliko yote: alikuja. Alikuja huku anafuta mkono kwenye gauni, kama mtu aliyeitwa aonje chumvi.

"Bwana, tafadhali. Nakuomba. Nitashonea nini?"

"Mkono."

Akamshika kifundo kwa mikono yake miwili, akauingiza mkono wa kulia ndani ya droo, akainua goti. Mgongo wake ulikuwa umemwelekea Pini. Hapakuwa na mkunjo hata mmoja kutoka bega hadi bega.

Pini akatema pini. Akashika kola huku na huku, akaning'inia na uzito wake wote, kama mtu anayevuta ndoo kisimani. Koti likatoka mabegani, likashuka, likafika viwikoni, likakwama kama ganda kwenye ndizi.

Mwanzo Fundi hakuelewa. Alitaka kuinua mkono ampige kofi na mkono haukuja. Goti likateremka, Dada akachomoa vidole vyake drooni.

"Pini?" Aliuliza kama anaulizia uzi.

Kisha akarusha kichwa nyuma. Kisogo kikampata Pini mdomoni, jino likaenda, damu ikamjaa. Akamkanyaga mguu kwa kisigino, akamzungusha, akambamiza kwenye meza ya kukatia, kioo cha ukutani kikavunjika, nusu ikaanguka. Pini hakuachia. Alikunja vidole ndani ya kola, akauma meno yaliyobaki.

"Nitakuua! Nitawaua wote wawili, mbwa nyie!" Ndiyo mara ya kwanza duka lile kusikia Fundi akipiga kelele.

"Pini!" Dada naye akalia. "Koti! Utalichana koti!"

Pini, na damu yake kidevuni, nusura acheke. "Dada, koti ndilo limemshika!"

Hapo akasikia: tak. Bega la kulia. Bandi yake mwenyewe. Uzi wa bandi unatiwa ili ukatike, ndiyo kazi yake. Tak, tak.

"Dada, mkono unatoka! Wa kulia unatoka!"

Fundi naye alisikia. Akatulia, na sauti ya wateja ikamrudia. "Mke wangu. Mwambie mdogo wako aniachie. Tutaongea. Wewe simama tu hapo, kama unavyosimama."

Dada alisimama. Alikuwa anautazama mkono wake wa kulia, anaufungua na kuufumba.

Mshono ukaachia wote kwa mpigo mmoja. Mkono wa koti ukabaki kama soksi, mkono wa Fundi ukatoka ndani yake ukaenda moja kwa moja kwenye mkasi wa kukatia, ule mkubwa. Akachoma nyuma bila kutazama. Mara ya kwanza akakosa. Mara ya pili ukaingia kwenye mkono wa Pini, juu ya kiwiko, na Pini akatoa sauti ambayo hakujua kama anayo. Akamwona anauinua mkasi mara ya tatu, na amegeuka sasa, anamtazama machoni.

Dada aliipiga ile pasi pale shingo inapokutana na bega. Ulikuwa mlio wa ukuni mkavu ndani ya gunia. Mkasi ukaanguka. Akapiga tena palepale, na safari hii akaikandamiza, kama anayepambana na mkunjo mkaidi, mpaka shati likatoa moshi na Fundi akapiga magoti huku anapiga yowe. Dada akainyanyua pasi juu ya kichwa cha mumewe. Pini aliachia koti, akakaa sakafuni, na hakusema "acha."

Mlango ukagongwa.

"Hodi! Fundi! Nimefuata koti langu!"

Mkono wa Dada ulibaki hewani. Halafu, kwa mazoea tu, akairudisha pasi kwenye kigae, isije ikaunguza meza.

Pini akaenda kufungua. Mabega akaingia na kicheko chake, kikaishia mlangoni. Aliona kioo, akaona kidevu cha binti, akaona Fundi yupo chini na koti limemning'inia kwenye kiwiko kimoja.

"Kaka," Fundi akalia, "wananiua. Ita watu."

"Fundi... bega vipi tena?"

Dada ndiye aliyejibu. "Pasi imemng'ata."

Mabega aliutazama mkono wa kushoto wa Dada, uliofungwa kitambaa. Akaitazama droo iliyo wazi na vibiringo vya uzi vilivyopangwa mezani vizuri. Uso wake ukawa mzito.

"Hee," akasema taratibu, bila kucheka. "Pasi yenu ina meno."

Alilitoa koti lake kwenye kiango, akalivaa mwenyewe bila kushikiwa, akasogea pembeni ya mlango kuwapisha.

"Unawaacha waende?" Fundi alipaza sauti. "Kaka! Si umeona?"

"Mimi sijaona kitu, Fundi," Mabega alisema. "Kama siku zote."

Dada alichukua sindano zake na kastabini, kile kikofia cha kukinga kidole. Pini alijifunga mkono kwa kipande cha bitana, akauokota mkasi, akaufuta kwenye gauni lake. Mafundi wawili hawawezi kutoka mikono mitupu.

Walikuwa wameshafika barabarani Dada alipouliza, "Unadhani atapona?"

Pini akageuka. Kwa kupitia mlango ulioachwa wazi alimwona shemeji yake amejikokota mbele ya nusu ya kioo iliyobaki ukutani, anajaribu kusimama wima.

"Atapona. Lakini limeshuka."

"Kiasi gani?"

Pini akafinya jicho, akapima kwa mbali kama alivyofundishwa.

"Vidole vitatu," akasema, na wakashika njia, si ile ya kwenda kwa mama.